Kope Limevimba na Halishuki? Vidokezo kwa Mkazi wa Juba

Kiangazi cha Juba kikikolea, kati ya Desemba na Machi, vumbi halimwachi mtu. Liwe la boda boda huko Gudele, liwe la malori ya maji huko Munuki, mwisho wake ni machoni. Wengi huamka na kope limevimba, wakavumilia siku mbili tatu, likashuka, yakaisha. Vidokezo hivi ni vya yule ambaye lake halijashuka. Wiki ya kwanza imepita, ya pili imepita, na sasa kila mtu ana dawa ya kumpa: jirani anasema atie maziwa ya mama anayenyonyesha, muuza dawa wa Konyokonyo anatoa matone, na dada aliye Nairobi anaahidi kutuma kwa basi kichupa cha vidonge vitamu vya homeopathia. Kabla hujapokea chochote, soma.

1. Simama mbele ya kioo, mchana

Tumia mwanga wa dirishani, usitegemee taa ya simu. Nawa mikono, vuta kope taratibu, uangalie uvimbe umekaa wapi.

Ukiwa ukingoni kabisa, kwenye mzizi wa unywele, mwekundu, unauma ukiguswa, pengine na kichwa cheupe cha usaha, hicho ni chokea. Bakteria wameingia kwenye kijitezi cha ukingoni. Kwa kawaida chokea hukaa wiki moja au mbili kikajimaliza.

Ukiwa ndani zaidi, mbali na ukingo, kinundu kigumu cha ukubwa wa punje ya choroko, hakiumi, na ngozi iliyo juu yake inateleza ukiisogeza, hiyo ni kalazioni. Hapo hakuna usaha, kuna mafuta yaliyoziba. Ndani ya kila kope mna safu ya tezi nyembamba zinazotoa mafuta ya kuzuia machozi yasikauke, thelathini hivi kwenye kope la juu na pungufu kidogo kwenye la chini. Mjerumani Heinrich Meibom alizieleza mwaka 1666, na hadi leo madaktari wanaziita kwa jina lake. Tundu la tezi moja likiziba, mafuta hujikusanya, mwili unayapiga vita kama kitu kigeni, na kinundu kinabaki. Chokea kisichopona vizuri chaweza kuishia hapo pia. Ndiyo maana utasikia mtu akisema: kiliniuma wiki moja, sasa hakiumi ila hakiondoki.

Na kama ukingo mzima wa kope ni mwekundu, unawasha, una magamba kwenye mizizi ya nywele na unaamka na matongo yaliyokauka, tatizo ni la ukingo wote. Hilo huenda na kurudi, na huzaa chokea na kalazioni mpya kila mara mpaka usafi wa kope uwe desturi ya kila siku.

2. Kanda, kisha kanda tena

Nimeiweka hii juu kwa makusudi, maana ndiyo dawa yenyewe, na watu wengi huifanya nusunusu.

Chemsha maji, yafunike, yaache yapoe mpaka ngozi ya ndani ya mkono iyavumilie bila kushtuka. Maji mengi ya malori hapa mjini hutoka mtoni, Bahr el Jebel, kwa hiyo kuchemsha si hiari. Chukua kitambaa safi cha pamba. Kipande cha fulana kuukuu iliyofuliwa na kuanikwa juani kinatosha. Kichovye, kikamue, kikunje, kiweke juu ya jicho ulilofumba. Baada ya dakika mbili kimeshapoa, na hapa ndipo kazi huharibika: mtu anakaa na kitambaa cha baridi akidhani bado anakanda. Kichovye tena, na tena. Maji mengine yaweke kwenye chupa ya chai karibu nawe ili usiwe unarudi jikoni. Kanda dakika kumi kila mara, mara tatu au nne kwa siku.

Ukimaliza, mafuta yakiwa bado laini, sugua kope kwa ncha ya kidole safi kuelekea kwenye nywele zake: kope la juu unashusha, la chini unapandisha. Sugua polepole, kwa nguvu ile ambayo ungemgusia mtoto mchanga shavuni. Usikamue wala usitoboe kwa sindano, hata kichwa cheupe kikikuita. Halafu safisha ukingo kwa pamba iliyochovywa kwenye maji ya vuguvugu yenye tone moja la shampuu ya watoto. Kitambaa cha mgonjwa ni cha mgonjwa peke yake, na kinafuliwa kila siku.

Unashinda kazini? Mama wa chai chini ya mwembe ana maji ya moto kutwa nzima. Mwombe nusu kikombe saa sita, hatakunyima.

Fanya hivyo kwa mwezi mmoja bila kuruka siku kabla ya kusema haikusaidia. Kalazioni ina mwendo wa wiki nyingi, pengine miezi. Kwa mtoto, jaribu joto la kitambaa kwenye shavu lako mwenyewe kwanza, kwani ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi yoyote mwilini na huungua upesi.

3. Jua kilichomo ndani ya kile kichupa cha vidonge

Homeopathia ilianzishwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, aliyeitangaza mwaka 1796. Kanuni yake ni kwamba kitu kinachomletea mtu mwenye afya dalili fulani, kikipunguzwa sana, humponya mgonjwa mwenye dalili hizohizo. Nyuki akikuuma kope linavimba. Kwa hiyo kope lililovimba linapewa Apis, ambayo chanzo chake ni nyuki. Kwa chokea utatajiwa Pulsatilla au Staphysagria, kwa usaha Hepar sulphuris, kwa kinundu kigumu Silicea.

Sasa angalia namba kwenye lebo. Herufi C maana yake ni sehemu moja ya dawa ndani ya mia, kisha sehemu moja ya mchanganyiko ule ndani ya mia nyingine, na kuendelea. 6C imepunguzwa hivyo mara 6, na 30C mara 30. Kemia ya sekondari inatosha kuonyesha kwamba ukishavuka 12C, huna tena sababu ya kutegemea kukuta hata molekuli moja ya kile kilichotiwa mwanzoni. Silicea 30C unayoiyeyusha chini ya ulimi ni sukari.

Baraza la utafiti wa afya la Australia lilichambua tafiti nyingi na mwaka 2015 likatoa hitimisho kwamba hakuna ugonjwa wowote ambao kwa ushahidi wa kuaminika homeopathia imeonekana kuutibu. Mwaka 2017 huduma ya afya ya taifa ya Uingereza iliwataka madaktari wake waache kuiandikia wagonjwa. Na kwa sisi wa upande huu wa dunia lililo zito zaidi ni onyo la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2009, lililowataka watu wasitegemee homeopathia kwa malaria, kifua kikuu, Ukimwi, homa ya mafua na kuhara kwa watoto wachanga. Nani Juba hana ndugu aliyewahi kupambana na mojawapo ya hayo?

4. Kwa nini basi jirani yako anaapa kwamba alipona

Alipona kweli. Chokea hupona chenyewe, na kalazioni nyingi husinyaa zenyewe. Mtu hutafuta dawa siku uvimbe umefikia kilele, na baada ya kilele ni kushuka. Chochote alichokimeza siku ile, kiwe kidonge cha sukari, kiwe majani ya mwarobaini, ndicho kinachopewa shukrani.

Lipo na jambo jingine ambalo sitaki lipuuzwe. Mtaalamu wa homeopathia hukaa na mgonjwa muda mrefu. Anamuuliza analalaje, anakula nini, ana majonzi gani. Kwenye zahanati iliyojaa, mgonjwa wa macho anaangaliwa haraka na kuandikiwa karatasi. Mtu aliyepoteza nyumba Malakal au Bentiu, anayelala kwa shangazi yake na watu tisa, akipata saa nzima ya kusikilizwa atatoka nafuu, na nafuu hiyo ni ya kweli hata kama kinundu kiko palepale. Wahudumu wetu wa afya wangejifunza hilo, hata kwa dakika tano.

5. Ukiamua kuvitumia hata hivyo

Kidonge cha 30C hakitakuumiza. Kitakachokuumiza ni muda unaopotea. Kwa hiyo weka masharti. Endelea kukanda kama kawaida. Andika kwenye kalenda tarehe ya mwisho, wiki nne, ambayo ikifika na kinundu hakijapungua unakwenda kwa daktari wa macho bila mjadala. Usiache dawa yoyote ya hospitali kwa sababu ya vidonge hivyo, hasa dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi.

Soma namba. Zile ndogo, kama 1X, 2X au 3X (X ni kupunguza ndani ya kumi badala ya mia), bado zina kiasi cha mmea wenyewe, na baadhi ya mimea hiyo ni sumu. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba baadhi ya vidonge vya homeopathia vya watoto wanaoota meno vilikutwa na beladona, mmea wa sumu, kupita kiasi kilichoandikwa.

Na lolote litakalokuwa, vya kumeza vimezwe tu. Usiviyeyushe kwenye maji ukadondoshea jichoni. Hata matone yanayouzwa kama ya homeopathia yaache dukani: mwaka 2023 mamlaka hiyohiyo ilizionya kampuni nane kwa kuuza dawa za macho zisizoidhinishwa, yakiwemo matone ya namna hii. Jicho halina kinga ya tumbo, na kilicho kichafu kinaingia moja kwa moja.

6. Matone ya dukani yana hatari yake

Muuza dawa anataka kukusaidia, na mara nyingi atakupa matone mazuri kwa ugonjwa usio wako. Dawa ya kuua bakteria haiyeyushi mafuta yaliyoziba. Mafuta ya tetrasaiklini yaweza kusaidia kidogo chokea au ukingo mchafu, lakini kalazioni itayapuuza.

Hatari iko kwenye matone yenye steroidi. Tazama boksi: ukiona neno linaloanza na "dexa", "pred" au "beta", rudisha. Uwekundu utapungua upesi na utafurahi, huku presha ya jicho inapanda kimyakimya, au kidonda cha virusi au cha kuvu kinakula kioo cha jicho. Dawa hizi zina kazi yake, ila ni baada ya mtu mwenye kifaa cha kuangalia ndani ya jicho kukuangalia.

7. Kuna vitu havitiwi jichoni

Maziwa ya mama, mkojo, chai iliyopoa, maji ya majani, dawa ya meno, asali ya sokoni. Najua vimetoka kwa watu wanaokupenda. Lakini utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba karibu robo ya vidonda vya kioo cha jicho ulivyochunguza vilihusishwa na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Kope lililovimba ni tatizo la nje ya jicho. Usilihamishie ndani.

8. Angalia mkoba wako wa urembo

Wanja uliokaa mwaka mzima, kope bandia na gundi yake, krimu ya kung'arisha uso inayopanda mpaka chini ya macho: vyote vyaweza kuweka kope kwenye uvimbe usioisha. Wanja wa kienyeji mwingi umepimwa ukakutwa na madini ya risasi, na haufai kabisa kwa watoto wachanga. Acha vyote kwa mwezi ule wa kukanda. Harusi ikiangukia humo, pambwa midomo.

9. Mambo ya kukimbiza hospitali leo hii, si kesho

Homa pamoja na kope lililovimba na kuiva. Maumivu ukizungusha jicho. Jicho kusukumwa mbele. Kuona viwili viwili, au kuona ukungu ghafla. Wekundu unaopanda kuelekea kwenye paji au kushuka shavuni saa kwa saa. Ukiona mojawapo ya hayo, huenda uambukizo umeingia nyuma ya jicho, na huko ni jirani na ubongo. Hiyo inataka dawa ya mshipani. Mtoto anaweza kuharibikiwa ndani ya siku moja.

Vivyo hivyo malengelenge yanayochoma upande mmoja wa paji na kope. Huo ni mkanda wa jeshi. Ukigusa na pua, jicho liko hatarini, na dawa yake hufaa zaidi ikianza ndani ya siku tatu. Kwa kijana, ni sababu nzuri ya kupima virusi vya Ukimwi mapema.

10. Si kila kope lililovimba ni ugonjwa wa kope

Makope yote mawili yakiwa yamejaa kila asubuhi, na jioni viatu vinabana, pima mkojo na presha. Figo zinapopitisha protini, uso ndio hutangulia kuvimba, hasa kwa watoto. Hapo hakuna cha kukanda.

Kama umetoka au umekaa Ikweta ya Magharibi, pande za Tambura na Ezo, au ng'ambo kwenye misitu ya Kongo, na uvimbe wako unakuja, unakaa siku kadhaa, unaondoka, kisha unatokea mkononi au tena kwenye kope, mwambie daktari hivyohivyo. Kuna mnyoo uitwao loa unaoenezwa na nzi mkubwa wa msituni. Wengine huuona ukipita juu ya weupe wa jicho. Ni muhimu asikie kabla hujapewa aivamektini, ile dawa inayogawiwa vijijini kwa ajili ya usubi, kwa sababu mwenye minyoo hii kwa wingi anaweza kudhurika ubongo.

Na kama nywele za kope zimeanza kugeukia ndani zikikuna jicho, hayo ni makovu ya trakoma, ambayo wengine huita vikope. Sudan Kusini ni miongoni mwa nchi zilizolemewa zaidi na ugonjwa huu duniani. Kung'oa nywele kwa kibano kunatuliza kwa muda, lakini tiba ni upasuaji mdogo wa kugeuza kope. Kwa watoto wa nyumbani, uso uoshwe kila siku hata maji yakiwa kidogo, na azithromaisini ikigawiwa mtaani kwako, meza.

11. Mtoto asisubiri wiki nne

Watoto hupata chokea kama watu wazima na wengi hupona. Lakini uvimbe wa kope au wa kuzunguka jicho unaokua wiki hadi wiki, jicho linalotokeza, meno yanayolegea upande uleule, au mng'ao mweupe kwenye mboni ukimpiga picha, usiukande wala usiupe kidonge. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza saratani ya watoto wa ukanda wetu inayoanzia mara nyingi kwenye taya na kuzunguka jicho. Hukua kwa kasi mno, na hutibika kwa dawa ikiwahiwa. Kwa Juba, anzia hospitali ya watoto ya Al Sabah, na useme wazi unaogopa nini.

12. Ukienda, nenda umejiandaa

Mjini kuna kitengo cha macho cha Juba Teaching Hospital na kituo cha macho cha Buluk. Fika asubuhi na mapema. Beba dawa zote ulizotumia, na maboksi yake, pamoja na kile kichupa cha homeopathia. Usikifiche kwa aibu, daktari anahitaji kujua kila kilichokaribia jicho lako. Beba pia picha: jipige moja kila Jumapili, dirisha lilelile, jicho limefumbwa kisha limefumbuliwa. Picha nne zinamweleza daktari kuliko maneno mengi.

Kama kukanda kumeshindikana, atakueleza juu ya upasuaji mdogo. Unachomwa ganzi kwenye kope, ambayo ndiyo sehemu inayouma. Kope linageuzwa, linapasuliwa kidogo upande wa ndani, mafuta yanakwanguliwa, jicho linafungwa bandeji, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa kuwa wamepasulia ndani, usoni hapabaki kovu. Nenda na mtu wa kukurudisha, maana boda boda kwa jicho moja kwenye mashimo ya Gumbo haifai. Wenye uwezo wa kusafiri huenda hospitali ya Mengo mjini Kampala kwa njia ya Nimule, au Kikuyu nje ya Nairobi, lakini kwa kalazioni ya kawaida sioni haja ya safari hiyo.

13. Kinundu kinachorudi palepale

Hiki ni kwa wazee wetu hasa. Kalazioni iliyopasuliwa ikarudi mahali palepale, au kope lililopoteza nywele zake sehemu moja, au kidonda kisichofunga, au ukingo wa kope mmoja unaonenepa na kubaki mwekundu upande mmoja tu kwa miezi, vinaweza kuwa saratani ya tezi zilezile za mafuta. Ni nadra, na kwa macho tu hufanana sana na kalazioni. Hapo mwombe daktari akate kipande kipelekwe maabara. Kabla hujatoka chumbani, uliza mambo matatu: kitapelekwa maabara gani, nani atafuatilia majibu, na lini. Acha namba mbili za simu, yako na ya mwanao, na uchukue nakala ya fomu yenye tarehe.